Barua ya kuacha kazi huanza kuandikwa mapema

Mhasibu mmoja niliyefanya naye kazi alileta barua ya kuacha kazi Jumatatu asubuhi. Mkurugenzi akaniuliza kama tumwongeze mshahara ili abaki. Kabla sijajibu, nilifungua jalada lake. Nilikuta fomu tatu za kuomba likizo, na juu ya kila moja mkuu wa idara alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Iahirishwe, kazi ni nyingi." Nilipomwita tuzungumze, alisema kwa upole, "Dada, ningepumzika hata wiki mbili mwaka jana, barua hii nisingeiandika."

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nchini Tanzania inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Sheria hiyohiyo inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28 anapotaka kuondoka. Siku 28 za kupumzika tulimnyima. Siku 28 za kuondoka hatukuwa na uwezo wa kumzuia. Tulizitumia kuhangaika kumtafuta mtu wa kukabidhiwa vitabu vya hesabu.

Mshahara mdogo hufukuza watu, hilo halina ubishi. Lakini mara nyingi fedha husifiwa kwa kazi iliyofanywa na utaratibu mzima. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Ford, huko Michigan, Marekani, kiliajiri watu zaidi ya 50,000 ili kibaki na wapatao 14,000. Januari 1914 kikatangaza malipo ya dola 5 kwa siku, na mwaka huo wimbi la kuondoka likapungua mno. Kinachosahaulika ni kwamba miezi michache kabla ya hapo, wasimamizi walikuwa wamepunguziwa mamlaka ya kumfukuza mtu papo hapo, na ngazi za kupanda daraja zikawekwa wazi. Na Januari hiyohiyo ya malipo mapya, saa za kazi nazo zikashushwa kutoka 9 hadi 8 kwa siku.

Ndivyo ilivyo hata kwetu. Mwajiriwa mpya huanza kupima ofisi wiki ya kwanza: je, meza ipo, majukumu yake yameandikwa, kuna wa kumwelekeza? Baadaye hutazama nani anapandishwa cheo na kwa kigezo gani. Tathmini ya utendaji ikiwa ni fomu ya kujazwa Desemba na kufungiwa kabatini, anajua juhudi zake hazionekani.

Mhasibu yule aliondoka. Nyongeza ya mshahara haikumrudisha. Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi napeleka kwa menejimenti orodha ya siku za likizo ambazo hazijachukuliwa, idara kwa idara. Mkuu wa idara akiahirisha likizo, lazima aandike tarehe mpya palepale na kusaini. Namba hizo hunionyesha anayechoka wakati bado tunaweza kuzungumza naye.