Ngonga, gazeti la watu wa Elisabethville

Mji wetu wa Lubumbashi, ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, haukukosa magazeti. Mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya kuanzishwa mji, Wazungu walikwisha kuwa na lao. Na mwaka 1928 Jean Sepulchre alianzisha L'Essor du Congo. Mwafrika alitajwa humo kama mfanyakazi, mtumishi au mshitakiwa. Ni nadra mwenyewe kuulizwa neno.

Basi mwaka 1934 Auguste Verbeken, aliyepata kuwa mtumishi wa serikali, alitoa gazeti la kila juma kwa ajili ya Waafrika, akaliita Ngonga, maana yake kengele. Lilipigwa chapa kwa Kifaransa na kwa lugha zetu, Kiswahili kikiwamo.

Wakati haukuwa mwema. Shida ya uchumi iliyoanza mwaka 1929 ilikuwa imepunguza kazi migodini, na Union Minière ilikuwa imewarudisha makwao maelfu ya watu. Nani angetoa faranga zake kununua karatasi? Hata hivyo makarani na vijana waliofundishwa kusoma na wamisionari walilisoma, na wengine wakaliandikia. Fikirini: karani aliyezoea kunakili maneno ya bwana wake, sasa ayaona ya kwake yamepigwa chapa, na huyo bwana aweza kuyasoma! Twadhani wako mabwana ambao hawakupendezwa.

Ngonga lilikoma mwaka 1935. Verbeken hakuacha kalamu. Kitabu chake juu ya Msiri, mfalme wa Garenganze, kilitoka mwaka 1956. Lakini wanahistoria walirudia gazeti lile dogo, wapate kusikia babu zetu walisema nini.