Mtandao gani utakufaa Garsen? Pima kwanza, ulipe baadaye

Swali ninaloulizwa sana siku hizi, Garsen mjini hata pale njia panda ya Minjila, si la siasa. Ni hili: laini gani ina mtandao? Majuzi nimeulizwa na mwalimu wa madrasa wa pande za Idsowe. Ana vijana wanne waliomaliza kidato cha nne, wote wanategemea simu yake kujaza maombi ya chuo kwenye tovuti ya KUCCPS, na dirisha la maombi likifungwa limefungwa. Muuzaji mmoja amemshawishi achukue ruta ya kulipia kila mwezi. Mwalimu akasita, na mimi namsifu kwa kusita.

Wengi wetu hutazama vijiti vya simu. Vikiwa vinne tunasema mtandao upo. Lakini vijiti vinakwambia tu kwamba simu yako inausikia mnara. Havikwambii mnara wenyewe una nguvu kiasi gani ya kukugawia. Fikiria bomba la kijiji. Saa nne asubuhi mtungi unajaa mara moja. Baada ya isha kila mtu amefika na ndoo yake, na bomba ni lile lile. Tena minara mingi ya mashambani haina waya wa faiba chini yake. Hurusha mawasiliano kwa mnara mwingine, na huo kwa mwingine, mpaka ifikie faiba. Njia hiyo ikiwa nyembamba, hata vijiti vitano ni pambo.

Kule Uingereza mamlaka yao ya mawasiliano, Ofcom, ina tovuti ambapo mtu huandika msimbo wa posta wa nyumba yake akaona kampuni zipi zinafika hapo. Nyumba zetu za Tana Delta hazina msimbo, kwa hivyo kipimo ni wewe mwenyewe. Azima laini ya Safaricom, ya Airtel, na nyingine yoyote inayosemwa inashika kwenu. Usipimie barabarani. Ingia chumba utakachotumia, ufunge mlango, maana paa la bati huzuia mawimbi na la makuti huyapitisha. Pima mchana, kisha pima saa tatu usiku. Fungua ile tovuti unayoihitaji hasa, upige na simu ya video. Fanya hivyo siku tatu.

Simu nayo itazame. Kabambe haitakupa 4G hata ukikaa chini ya mnara, na laini ya zamani ya 3G yafaa ibadilishwe dukani kabla ya kuilaumu kampuni.

Sasa pesa. Hapa ndipo tunapoumia kimyakimya. Anayenunua bando la shilingi 50 kila siku atoa 1,500 kwa mwezi, na lililobaki usiku wa manane laenda na upepo. Tangu 2019 Safaricom ina bando lisilo na muda wa kuisha. Ukilinganisha GB kwa GB laonekana ghali, lakini kwa mtu anayetumia kidogo kidogo ndilo nafuu. Wa video kila usiku ana hesabu nyingine.

Utaniuliza, mbona nisihamie kampuni nyingine na namba yangu? Sheria yaruhusu tangu Aprili 2011. Wanaohama ni wachache, na sababu waijua: namba ikihama, M-Pesa haihami nayo. Tangu 2018 waweza kutuma pesa moja kwa moja kati ya M-Pesa na Airtel Money, hilo limesaidia, lakini duka la hapa kwetu bado lauliza M-Pesa. Ndiyo maana simu ya laini mbili ina maana: moja ya pesa, moja ya intaneti. Sioni haja ya kuwa mwaminifu kwa kampuni.

Faiba ya kuingia nyumbani, kama walivyozoea ndugu zetu wa Mombasa, usiingojee kwa sababu tu umeona waya ukichimbiwa barabarani. Muulize fundi kama utafika mlangoni kwako. Na ruta ya laini aliyotajiwa mwalimu hutumia mnara ule ule wa simu, kwa hivyo mnara ukilemewa, nayo yalemewa.

Iliyo tofauti kweli ni Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, kwa kuwa dishi lake lazungumza na setilaiti. Mwaka 2024 walileta kifurushi cha GB 50 kwa shilingi 1,300 kwa mwezi. Kizito ni kununua chombo chenyewe, ambacho ni maelfu kwa makumi. Nacho chala umeme saa zote kimewashwa. Mafuriko ya El Niño ya mwishoni mwa 2023 yalipoikata barabara ya Garsen kwenda Lamu, tulikumbushwa kwamba jenereta la mnara lategemea lori la mafuta. Dishi lenye sola na betri haliulizi barabara.

Mwalimu nimemwambia hivi: kwa msimu huu wa maombi, laini iliyoshinda kwenye chumba chake, na vijana wajaze fomu alfajiri, kabla ya watu kuamka. Dishi ni jambo la kamati ya msikiti na wazazi kuchangiana, litumike madrasa. Wasijaribu kuwauzia majirani, hiyo yataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Ruta ya mkataba akiitaka bado, aulize mambo matatu kwa maandishi: mkataba ni wa miezi mingapi, akiuvunja atalipa nini, na kasi ikishuka nani wa kumpigia. Akidhulumiwa aanze kwa kampuni, achukue namba ya malalamiko, wasipomjibu apeleke kwa Mamlaka pamoja na namba hiyo.