Kelele ya usiku yenye haitoke mu mapafu

Mu nyumba ya muchimbaji, baba akianza kupumua na kelele usiku, jibu iko tayari: ni mavumbi ya shimo. Mara mingi ni kweli, silikozi tunaijua. Lakini kuko kelele ingine yenye inatoka mu koo, na dawa ya asma ya kupuliza haisaidie.

Mu koo kuko nyuzi mbili za sauti. Tukisema zinakaribiana, tukivuta pumuzi zinaachana ili hewa ipite. Kuko ugonjwa wa ubongo wenye kuitwa atrofi ya sistemu nyingi. Ku karatasi ya monganga utaona AMS, ao zamani Shy-Drager. Unaharibu amri zenye kutoka mu ubongo, nyuzi hazifunguke tena muzuri. Inaanzaka mu usingizi. Muchana baba anaongea, anakula, mapafu yake yakisikilizwa hakuna kitu.

Kwa hiyo shahidi ni bibi yake. Mama, sikiliza: asma inapiga muluzi zaidi wakati wa kutosha pumuzi. Kukoroma ni sauti nzito. Hii ni nyembamba, ya juu, wakati wa kuvuta pumuzi. Irekodi na telefone na uipeleke kwa monganga wa masikio, pua na koo. Yeye anaingizaka kamera ndogo mu pua, lakini mugonjwa akiwa macho anaweza kukuta nyuzi ziko sawa. Ile sauti ya telefone itamusaidia.

Angalia na mambo ingine: mwili kukaza na kuwa polepole, kizunguzungu akisimama, mukojo kukatala ao kuponyoka. Mara mingi inakuja kisha miaka 50. Haiambukizake. Jirani akisema ni kulogwa, mumuache aseme.

Hatari ni njia ya hewa kufungika usiku: wengine wanakufa mu usingizi. Kelele ikianza kusikika hata muchana, musingoje rendez-vous, muende lupitali siku ile ile.

Dawa ya kuponyesha AMS haiko. Kuko mashini ya kusukuma hewa kupitia maski, lakini inataka umeme usiku muzima, na mu cités zetu munajua. Kuko na kutoboa tundu mu shingo, chini ya nyuzi: hewa inapita, lakini kusema kunakuwa nguvu, na bomba inasafishwa kila siku. Hata na ile tundu, ubongo unaweza kusahau kuamuru pumuzi. Mumuulize baba yeye mwenyewe anataka nini, wakati angali anasema.