Sikukuu, bamvua na dago: Jinsi mwaka wa watu wa bahari unavyopangwa Wingwi

KATIKA klabu za mashua za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, zilizoasisiwa enzi za ukoloni, mwaka wa shughuli za wanachama hujulikana mapema. Ratiba hubandikwa ukutani ikionyesha siku ya mkutano mkuu, siku za mashindano ya tanga na usiku wa karamu ya kufunga mwaka. Mwanachama huitazama kalenda, hulipa ada na huweka siku zake.

Wingwi, Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba, ukuta wa namna hiyo haupo. Hata hivyo, hilo halina maana kwamba watu wa pwani hiyo hawana mwaka uliopangwa. Wanao, na huenda umepangwa kwa umakini zaidi kuliko ule wa klabu, kwani ndani yake mna hesabu tatu zinazokwenda kwa pamoja bila ya kulingana: hesabu ya pepo, hesabu ya mwezi na hesabu ya sikukuu za dini. Harusi, kushua chombo, resi za ngalawa na safari ya kwenda dago hutafutiwa nafasi pale hesabu hizo zinapokutana.

Hesabu ya kwanza ni ya pepo. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, upepo ambao katika karne nyingi ulivileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kuanzia Mei hadi Septemba huvuma kusi, wenye nguvu zaidi, unaochafua bahari kiasi cha kuwafanya wavuvi wa vyombo vidogo kubaki ndani ya mwamba. Baina ya pepo hizo mbili kuna maleleji, ambayo mabaharia huyaita pia tanga mbili, kwa kuwa chombo kinaweza kusafiri upande wowote. Maleleji ya kwanza huja pamoja na mvua za masika, na ya pili pamoja na vuli.

Mabaharia wa mwambao hawakuzigawa nyakati hizo kwa majina ya Januari na Februari. Walihesabu siku tangu Nairuzi, siku ya mwaka, ambayo asili ya jina lake ni Uajemi na ambayo hadi leo huadhimishwa kwa shamrashamra huko Makunduchi, Unguja, kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Mwaka huo una siku 365. Hugawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano zinazosalia huitwa gatha. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Kiarabu wa karne ya 15, aliandika nyakati za kuanza safari za bahari ya Hindi kwa kuhesabu siku za Nairuzi kwa utaratibu huo huo.

Ubora wa hesabu hiyo ni kwamba inafuata jua, na pepo nazo zinafuata jua. Nairuzi ikiwa katika wiki ya nne ya Julai, siku ya mia huangukia mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, wakati kusi imekwisha kulala. Siku ya mia mbili huwa Februari, kaskazi ikiwa imetanda. Siku ya mia tatu ni katikati ya Mei, na mwenye chombo kibovu ambaye wakati huo hajakipandisha ufukoni hana wa kumlaumu. Kwa vile mwaka huo hauongezwi siku moja kila baada ya miaka minne, hesabu husogea polepole ikilinganishwa na kalenda ya kawaida, lakini katika umri wa nahodha mmoja tofauti hiyo ni ndogo.

Hesabu ya pili ni ya mwezi, na hii ndiyo inayotawala siku kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana. Hilo ndilo bamvua. Katika pwani za Zanzibar tofauti baina ya kujaa na kutoka wakati wa bamvua hufika mita tatu hadi nne. Wiki moja baadaye huja maji mafu, ambapo tofauti hiyo hushuka hadi mita moja hivi.

Jambo ambalo mgeni hulisahau, lakini mtoto wa pwani hulijua bila ya kufundishwa, ni kwamba saa za bamvua hazibadiliki sana kutoka mwezi hadi mwezi. Katika pwani hizi, siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, na hutoka kabisa kiasi cha saa nne asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kutoka alasiri.

Kutokana na hilo, kazi na starehe za pwani hujipanga zenyewe. Asubuhi za bamvua ni za kinamama wa mwani. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mavuno. Vigingi na kamba haviwezi kufikiwa kwa urahisi ila maji yanapotoka sana, hivyo mkulima wa mwani hawezi kuahidi kuhudhuria shughuli ya asubuhi katika siku hizo bila ya kupoteza kazi yake. Alasiri ya siku hiyo hiyo, maji yanapokuwa yamejaa hadi kwenye mikoko, ndio wakati wa kushua chombo.

Kushua ni shughuli ya watu wengi. Dau au jahazi jipya, au la zamani lililotiwa kalafati na kupakwa deheni upya, huwa limekaa juu ya magogo mbali na maji. Mwenye chombo huwaalika jamaa, majirani na mabaharia, husomwa dua, hupikwa chakula, kisha hufungwa kamba na watu huvuta kwa pamoja wakiitikia nyimbo. Hakuna anayelipwa fedha. Aliyevuta leo anatarajia kuvutiwa chake kesho, na asiyefika hukumbukwa. Hiyo ndiyo ada ya uanachama ya klabu isiyo na daftari. Shughuli hiyo haiwezi kuahirishwa kwa siku tatu ili mgeni rasmi awahi, maana bamvua ikishapita chombo kitasubiri wiki mbili.

Hesabu ya tatu ni ya sikukuu. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo kila mwaka Idi hurudi nyuma kwa takriban siku 11 dhidi ya mwaka wa jua, na huuzunguka mwaka mzima katika muda wa miaka 33 hivi. Matokeo yake, sikukuu hupita katika kaskazi, masika, kusi na vuli kwa zamu. Mwaka 2010 Idi el-Fitri ilikuwa Septemba. Mwaka 2015 ilikuwa Julai, katikati ya kusi. Mwaka 2020 ilikuwa Mei.

Hata hivyo, sikukuu na maji havikosani kamwe, kwani vyote viwili vinafuata mwezi. Idi el-Fitri huwa mwezi mosi, kwa hiyo kila mwaka, bila ya kujali msimu, huangukia katika bamvua. Zanzibar husherehekea Idi kwa siku nne, na katika siku hizo maji hujaa alasiri na jioni, yakichelewa kwa dakika 40 hadi 50 kila siku. Ndiyo kusema, wakati ambao watu wamekwisha kula, kutembeleana na kuvaa nguo mpya, bahari nayo imejaa mbele yao. Kama angekuwepo mtu wa kuchagua siku ya resi za ngalawa, asingepata iliyo bora zaidi. Idi el-Hajj, ambayo ni mwezi kumi, huangukia karibu na maji mafu. Siku hiyo maji hujaa asubuhi, saa ambazo watu wako katika swala na kuchinja, na ifikapo alasiri yanatoka. Ubishi wa kila mwaka juu ya kuandama kwa mwezi nao haubadilishi kitu hapo. Tofauti ya siku moja ni ndogo kwa bamvua.

Ngalawa yenyewe imeumbwa kwa ajili ya maji ya aina hiyo. Huchongwa kutokana na gogo, mara nyingi la mwembe, na hufungwa mbao mbili za pembeni zinazoizuia isipinduke. Katika resi, vyombo huondoka vikiwa na upepo nyuma, huzunguka chelezo, kisha hurudi kwa kubisha. Hapo ndipo mshindi hupatikana. Kila chombo kinapogeuka, foromali na tanga lake huhamishiwa upande wa pili kwa kupitishwa mbele ya mlingoti, kazi ambayo mabaharia wazembe huifanya kwa dakika nzima huku wenzao wakiwapita. Mmoja huwa na kazi ya kufua maji tu tangu mwanzo hadi mwisho.

Mashindano ya aina hii yana wenzake katika mwambao. Lamu huyafanya wakati wa Maulidi na wa mwaka mpya. Tamasha la Nchi za Jahazi la Unguja, lililoanza mwaka 1998, nalo liliyatia katika orodha yake. Pemba, resi za ngalawa pamoja na mchezo wa ng'ombe zimekuwa zikiingizwa katika matamasha ya kuwavutia wageni. Kuna faida katika hilo, ikiwemo zawadi, lakini kuna hasara pia: tamasha hupangwa kwa tarehe za ofisini, na si mara moja tarehe hizo zitakuta matope badala ya maji.

Suala zito zaidi ni la wasiokuwepo. Katika msimu wa kaskazi wavuvi wengi wa Pemba, hususan wa Kojani na vijiji vya kaskazini mashariki, huenda dago, yaani huhamia kwa wiki au miezi kwenye kambi za uvuvi Tanga, Mafia, Kilwa na pwani ya Kenya, kisha hurejea kabla kusi haijashika. Wengine hawakurejea. Vizazi vya Wapemba vilikaa Kilifi, Kwale na Lamu bila ya uraia wa nchi yoyote hadi mwaka 2023, ambapo Serikali ya Kenya iliwatambua na kuanza kuwapa vyeti, idadi yao ikikadiriwa kuwa 7,000 hivi. Njia hiyo hiyo ya bahari ndiyo iliyotumiwa na zaidi ya watu 2,000 waliokimbilia Shimoni baada ya mauaji ya Januari 2001.

Sikukuu ndiyo inayowarudisha walio mbali, na safari ya sikukuu ina hatari zake. Watu wote hutaka kuvuka katika wiki moja. Septemba 10, 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imepakia watu wengi kupita kiasi cha abiria 600 hivi ilichoruhusiwa. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na mamia ya wengine hawakuonekana tena. Julai 18, 2012, siku mbili tatu kabla ya Ramadhani na kusi ikiwa kali, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam.

Katika miaka hii, mzunguko wa kalenda unaitia Idi el-Fitri ndani ya kaskazi: Machi mwaka 2027, Februari miaka ya 2028 hadi 2030, kisha Januari. Kwa abiria wa meli hiyo ni nafuu, kwani bahari haina ukali wa kusi. Kwa mvuvi wa dago ni kinyume chake. Sikukuu itamkuta katika kilele cha kazi, na atalazimika kuchagua baina ya kuacha samaki na kuacha Idi nyumbani. Aliyeko Malindi au Kilifi ana upepo wa kumrejesha. Aliyeko Mafia au Kilwa itambidi abishe dhidi ya kaskazi hadi Pemba, au achangie mafuta ya mashine, au apande boti kama abiria wengine. Hali kama hiyo ilikuwepo mara ya mwisho katika miaka ya 1990, na mwaka 2000 ulipata Idi el-Fitri mbili, Januari na Desemba. Kwa hesabu za mwezi, mwaka 2033 nao utapata mbili, zote katika kaskazi.