Jani la Mbuni na Pumzi ya Mwanaanga

Kwa miaka mingi nimewafunza wanafunzi wangu hapa Ruiru kuwa jani huigeuza kabonidioksidi kuwa oksijeni. Wamekariri, wameandika mtihanini, nami nimewapa alama. Juzi binti mmoja aliinua mkono akaniuliza: "Mwalimu, ikiwa ndivyo, maji yana kazi gani ndani ya jani? Na wanaanga wasio na bustani hupumua nini?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia asitupotezee wakati.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilifungua vitabu, nikajiona nilivyokosa. Mwaka 1941, Samuel Ruben na Martin Kamen wa Marekani pamoja na wenzao walionyesha kuwa oksijeni itolewayo na mmea hutoka katika maji, wala si katika kabonidioksidi. Naam, mibuni ya kituo chetu cha utafiti wa kahawa, kilichotupa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, huyapasua maji kwa nguvu za jua.

Wanaanga nao hupita njia iyo hiyo. Mtu mmoja huhitaji takriban gramu 840 za oksijeni kwa siku. Katika Kituo cha Kimataifa cha Angani, maji hupasuliwa kwa umeme yakatoa oksijeni na haidrojeni. Mtambo uliofikishwa huko mwaka 2010 uliiunganisha haidrojeni hiyo na kabonidioksidi ya pumzi, yakapatikana maji ya kupasuliwa tena, pamoja na methani iliyotupwa nje. Kuitoa oksijeni katika kabonidioksidi yenyewe ni kazi nzito: kifaa cha MOXIE kilifanya hivyo katika sayari ya Mirihi kwa joto la nyuzi 800 hivi, na tangu 2021 hadi 2023 kilitoa gramu 122 tu. Hiyo ni pumzi ya mtu mmoja kwa saa tatu na nusu!

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa nikamwomba binti yule radhi. Walimu wenzangu, kuuliza si ujinga, na kukiri kosa hakumvunjii mwalimu heshima. Nchi yetu ilipeleka setilaiti ya Taifa-1 angani Aprili 2023. Watakaoijenga ya kesho hawatatoka miongoni mwa wanaokariri, bali miongoni mwa wale tunaowanyamazisha leo. Nanyi wanafunzi, msichoke kuinua mikono.