Kibao cha SIMAMA Kinapopoteza Nguvu

Reli ya Washington and Old Dominion, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, ilifungwa mwaka 1968. Leo mkondo wake ni njia ya lami ya kilomita 72 hivi, kutoka Arlington hadi Purcellville, wanayoitumia pamoja waendesha baiskeli, wakimbiaji na wazazi wanaosukuma vigari vya watoto. Zamani treni ilipokaribia makutano, magari ndiyo yaliyosimama. Baiskeli imerithi njia ya treni bila kurithi heshima yake: katika makutano mengi kibao cha SIMAMA humwelekea mwenye baiskeli.

Kasoro ya mpango kama huo haitibiwi kwa kuongeza vibao. Alama hufanya kazi ikiaminika. Mtu aliyesimama mara tano mbele ya mtaa mtupu, kila mara akipoteza mwendo alioutolea jasho, mara ya sita atachungulia tu na kupita, na huenda hiyo ya sita ndiyo barabara kuu. Mwongozo wa taifa wa Marekani wa alama za barabarani wenyewe unashauri SIMAMA isiwekwe pale ambapo alama ya kupisha ingetosha. Tena unakubali kwamba njia yenye watumiaji wengi inaweza kutangulizwa mbele ya mtaa wenye magari machache. Kwa hiyo kila makutano yapimwe peke yake: nani ni wengi, wanaonana kutoka umbali gani, na magari yanakuja kwa kasi gani.

Wapo watakaosema kwamba kumwondolea mwendesha baiskeli amri ya kusimama ni kumchimbia kaburi, maana yeye hana bati la kumkinga. Kwenye barabara ya kasi wana haki, na huko sitetei kibao kiondolewe. Nasema tu kwamba peke yake hakitoshi. Gari la kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kutanabahi, mita 21 zimekwisha kabla hajagusa breki, na hata kwenye lami kavu atahitaji nyingine kama 14. Kwa kilomita 30, jumla yote haifiki 20. Tofauti hiyo hailetwi na maandishi. Kivuko kikiinuliwa kama tuta pana, dereva atapunguza mwendo apende asipende. Barabara ya njia nne ina hatari yake nyingine: gari la kwanza husimama kwa uungwana, kumbe linamficha anayevuka asionwe na la pili linalokuja ubavuni. Mstari wa kusimamia ukirudishwa nyuma mita kadhaa, macho hupata nafasi. Na kisiwa cha katikati humwezesha mtu kuvuka upande mmoja kwanza, akapumua, kisha akamalizia. Mamlaka ya shirikisho ya barabara kuu inakadiria kwamba kisiwa cha namna hiyo hupunguza ajali za waenda kwa miguu kwa asilimia 56. Ni ghali kuliko kibao, kweli, lakini si kila makutano yanakihitaji. Fedha zianzie kwenye barabara za njia nne. Vichochoroni inatosha kung'oa kibao na kusimika cha kupisha upande wa magari.