Usiku Tisa Italia: Namna ya Kugawa Siku Usije Ukaishia Kuona Stesheni

Waulize wanachuo watano waliopata kozi fupi Italia wanataka kuona nini kozi ikiisha. Utapata majibu matano, na ukiyajumlisha yanakuwa miji kumi. Roma, Venezia, Firenze, Napoli, Milano, Pisa, Siena, Ravenna, Padova, Bologna: kila mmoja una jambo lake, na kila mmoja una mtu atakayekwambia "ukifika Italia usiache kwenda pale." Mwaka huu wenzetu wanne wamepata mwaliko, na swali wanaloniuliza tangu barua zitoke ni lilelile: siku zinazobaki tuzigaweje? Nalijibu hapa mara moja, maana kulijibu kwa WhatsApp mpaka saa saba usiku nimechoka.

Sisi mwaka jana tulikuwa watano. Kozi ilikuwa Bologna, wiki tatu, ikaisha Ijumaa ya katikati ya Septemba. Bweni lilitakiwa kuachwa Jumamosi asubuhi. Ndege ya kurudi ilikuwa inatokea Roma, Jumatatu ya wiki iliyokuwa inafuata hiyo iliyofuata. Kwa hiyo usiku tisa. Hela ilikuwa mabaki ya posho pamoja na bumu ambalo wengine walilibana muhula mzima kwa kula wali maharage mchana na usiku. Kwa hali hiyo siku moja ikiharibika inauma kwelikweli, kwa sababu hakuna anayejua atarudi lini, au kama atarudi.

Kabla ya ramani, soma viza. Stika ya viza ya Schengen ina tarehe ya mwanzo na ya mwisho, halafu ina idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Unaweza kuona tarehe ya mwisho iko mbele bado, kumbe siku zako zimeshaisha. Siku unayoingia inahesabiwa, na siku unayotoka inahesabiwa pia. Ukizidisha hata siku moja, inaonekana mpakani, na maombi yako yanayofuata yataanza na maelezo. Usipange mji hata mmoja kabla ya kuhesabu hizo.

Sasa hesabu yenyewe. Wengi wanahesabu siku. Hesabu usiku na uhamaji. Kila unapohama mji unapoteza karibu nusu siku: kufunga mizigo, kufika stesheni, kusubiri, safari, kutafuta nyumba ya kulala, kuambiwa chumba hakijawa tayari mpaka saa tisa alasiri. Hata treni ikitumia saa moja na nusu, nusu siku imekwenda. Kwetu sisi, kati ya Jumamosi ya kuhama na Jumatatu ya ndege kulikuwa na siku nane kamili. Mwenzetu mmoja alikuja na mpango wa miji saba. Miji saba ni kuhama mara sita baada ya ule wa kwanza, yaani siku tatu zimeliwa, zinabaki tano za kugawa kwa saba. Miji mitatu ni kuhama mara mbili: inaliwa siku moja tu, zinabaki saba. Tulipoyaandika hayo kwenye karatasi, ubishi wa idadi ya miji uliisha. Ukabaki ubishi wa ipi.

Hapo kuna tofauti moja inayosaidia sana: mji wa kulala na mji wa kwenda na kurudi. Italia ina treni za mwendokasi, fikiria SGR yetu lakini ikiunganisha karibu kila mji mkubwa. Bologna hadi Firenze ni kama dakika arobaini. Firenze hadi Roma ni saa moja na nusu. Venezia hadi Firenze ni saa mbili na kidogo. Kwa hiyo huhitaji kulala Pisa, ambayo kwa treni ya kawaida iko mwendo wa saa moja kutoka Firenze. Padova iko nusu saa tu kutoka Venezia. Ravenna iko saa moja na kidogo kutoka Bologna. Miji hii tuliimaliza kwa wikendi za kozi, begi dogo mgongoni, jioni tukarudi kulala bwenini ambako kitanda kilikuwa kimeshalipiwa. Ukipata kozi ya wiki tatu, una wikendi mbili kamili. Zitumie. Wanaolala mpaka saa tano asubuhi Jumamosi ndio wanaokuja kutaka miji saba mwishoni.

Na kwa mwanafunzi wa ualimu, usiidharau Bologna yenyewe kwa sababu unaiona kila siku. Chuo chake kinahesabiwa kuwa kilianza mwaka 1088, na ndicho kikongwe kuliko vyote vya Ulaya. Mwanzoni wanafunzi ndio waliowaajiri walimu na kuwalipa, na mwalimu akichelewa kuanza kipindi anatozwa faini. (Naiacha habari hii hapa kwa ajili ya serikali ya wanafunzi, ijadili yenyewe.) Padova nako, chuo cha mwaka 1222, ndiko Galileo alikofundisha kwa miaka kumi na minane, na ndiko Elena Cornaro Piscopia alikopewa udaktari wa falsafa mwaka 1678, mwanamke wa kwanza kufika hapo.

Baada ya kujua miji mingapi, usianze kugawa kwa mapenzi. Anza na yale yasiyosogezeka. Kwetu lilikuwepo moja. Mwenzetu mmoja alipoondoka nyumbani, bibi yake wa Bukoba, Mkatoliki wa siku zote, alimpa rozari yake akamwambia aipeleke kwa Baba Mtakatifu ibarikiwe. Bibi hajui kama kuna mambo ya miadi. Lakini Papa anapokuwepo Roma, Jumapili saa sita mchana anatokea dirishani, anasali na watu waliojaa uwanja wa Mtakatifu Petro, kisha anawabariki pamoja na walivyovishika. Hakuna tiketi, hakuna kiingilio. Kwa hiyo Jumapili ya mwisho ilikuwa lazima tuwe Roma, na jambo hilo likapanga mengine yote: Roma mwisho, na kwa bahati ndege nayo ilikuwa ya huko. Kama hujakata tiketi ya ndege bado, omba uingilie mji mmoja na utokee mwingine. Kurudi ulikoshukia ili tu upande ndege ni kutupa siku.

Kisha angalia siku za kufungwa, kwa sababu Jumatatu ya Firenze si Jumatatu ya Roma. Jumba la Uffizi, lenye michoro ya Botticelli na Leonardo, linafungwa Jumatatu. Accademia, iliyo na sanamu ya Daudi ya Michelangelo ya mwaka 1504, hivyohivyo. Makumbusho ya Vatikani yanafungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi, ambapo ni bure na foleni yake ni ya kuogopesha. Kolosai iko wazi karibu mwaka mzima. Makumbusho ya serikali ni bure Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Ikikukuta wakati wa kozi, hiyo ni wikendi ya kusafiri.

Hapa kuna jambo lililotuuma, bora ulijue mapema. Kwenye makumbusho ya serikali utaona vijana wa miaka 18 hadi 25 wanalipa euro 2. Utafurahi, utatoa kitambulisho cha chuo. Hakisaidii. Bei hiyo ni ya raia wa nchi za Umoja wa Ulaya. Kinachoangaliwa ni pasipoti. Kolosai kwa mtu mzima ni euro 18, na sisi tulilipa kama watu wazima. Vatikani, ambayo ni nchi yake, inampunguzia mwanafunzi asiyezidi miaka 25 bila kuuliza ametoka wapi, kwa hiyo kitambulisho usikiache. Weka tofauti hii kwenye bajeti kabla hujasema mji fulani ni wa bei nafuu.

Mgawo wetu basi ulikuwa huu: Venezia usiku miwili, Firenze mitatu, Roma minne.

Venezia watu wawili kati yetu waliitaka na watatu waliiogopa kwa ajili ya bei. Tulilala Mestre, upande wa bara, dakika kumi kwa treni, ambako vitanda ni nafuu. Boti ya abiria ni euro 9.50 kwa dakika 75, kwa hiyo tuliipanda kuteremka Mfereji Mkuu mpaka uwanja wa Mtakatifu Marko na kwenda Murano na kurudi tu, kwingine kote tukatembea kwa miguu siku mbili. Mji huo hauna gari, hauna hata bodaboda. Kuna ushuru wa wageni wanaoingia mchana na kutoka, euro 5 au 10 kutegemea umejiandikisha lini, ambao unatozwa siku maalumu za kati ya Aprili na Julai, Septemba haukutuhusu. Kilichonigusa ni kisiwa cha Murano, kwenye viwanda vya vioo. Ushanga wa kioo wa Venezia uliletwa Zanzibar karne ya 19 na misafara ikaubeba bara, ukawa kama fedha ya kununulia chakula njiani. Tumeusoma darasani kwa mstari mmoja. Pale unaona moto wake. Siku mbili zinatosha. Ya tatu ungekuwa unazunguka vichochoro vilevile na njaa.

Firenze, ile ambayo vitabu vyetu vya Historia vinaiita Florence, tulifika Jumatatu makusudi. Ile nusu siku ya kuhama ilikuwa imeshaangukia siku ambayo makumbusho yamefungwa, kwa hiyo hatukupoteza kitu: tuliliangalia kanisa kuu na kuba la Brunelleschi lililokamilika mwaka 1436, tukavuka Ponte Vecchio, tukapanda kilimani kutazama jua likizama. Jumanne Uffizi. Jumatano Siena kwa treni ya kawaida. Alhamisi asubuhi Daudi, mchana Roma. Tiketi ya karatasi ya treni za kawaida lazima uigonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo unapigwa faini hata kama umelipa. Bei yake haibadiliki, kata siku yoyote. Ya mwendokasi kata mapema, maana inapanda kadiri siku inavyokaribia.

Roma ndiyo iliyoleta maneno. Yule mwenye miji saba alikuwa amekubali yote ila Pompei. Mji uliofukiwa na majivu ya Vesuvio mwaka 79, alikuwa anausubiri tangu kidato cha pili. Hoja yake ilikuwa kwamba Napoli iko saa moja na dakika kumi hivi kutoka Roma. Ni kweli. Lakini ukifika Napoli unapanda treni nyingine ndogo, zaidi ya nusu saa, na Pompei yenyewe si jengo, ni mji mzima wa kutembea juani. Ni siku nzima, asubuhi mpaka usiku. Siku nzima za Roma zilikuwa tatu: Ijumaa ya Vatikani, Jumamosi ya Kolosai, Jumapili ya bibi. Tiketi za Kolosai zinaandikwa jina la mtu, na tulikuwa tumezikata wiki tatu kabla.

Tulikubaliana agawanyike na sisi Jumamosi. Akapoteza euro zake 18, akaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na chupa mbili za maji, akarudi saa tatu usiku amebabuka pua na hawezi kunyamaza. Kolosai ameiona kwa nje. Kwa maoni yangu alifanya sawa. Kundi si lazima liende pamoja kila siku, ilimradi ijulikane jioni mtu analala wapi na simu yake ina chaji. Kulazimisha watano waone kitu kimoja kungetugharimu kuliko tiketi moja.

Jumapili tulifika uwanjani saa nne asubuhi. Rozari ilishikwa juu na mikono miwili muda wote, kama vile ikishushwa baraka itapita. Mchana tulienda mahali ambapo vitabu vingi vya watalii havipeleki mtu: makao makuu ya FAO, karibu na uwanja wa kale wa Circo Massimo. Jengo hilo lilijengwa liwe wizara ya makoloni ya Italia barani Afrika. Mbele yake ulisimama mnara wa Axum, ulionyakuliwa Ethiopia mwaka 1937 na kurudishwa mwaka 2005. Mwaka 1960, mnara ukiwa bado pale, Abebe Bikila alipita hapo usiku, miguu mitupu, akielekea kumaliza marathoni ya Olimpiki kwenye tao la Konstantino. Ni matembezi ya dakika kumi na kitu kutoka hapo hadi kwenye tao, na hayana kiingilio. Yape saa mbili za Jumapili yako. Stesheni ya metro ya Circo Massimo iko palepale, mstari B, inakurudisha Termini, na kesho yake treni ya kwenda uwanja wa ndege wa Fiumicino inaondokea hapohapo Termini: dakika 32, euro 14. Zitenge hizo 14 tangu siku ya kwanza.